Gari la Zamani, Barabara ya Leo

Shemeji yangu, aliyeishi Michigan, Marekani, kwa miaka mingi, ana Pontiac GTO ya mwaka 1964. Ni mojawapo ya yale ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli: bodi ya gari la kawaida iliyotiwa injini kubwa ya silinda nane, yenye nguvu za farasi 325. Breki zake lakini ni za ngoma magurudumu yote manne, na pampu yake ya breki ina njia moja tu ya mafuta. Mpira mmoja ukipasuka, breki zote zimekwenda. Hebu fikiria, msomaji: waundaji waliongeza nguvu ya kukimbia, uwezo wa kusimama wakauacha palepale.

Shemeji alikataa kubadilisha chochote. "Ukilitia diski, si GTO tena," alikuwa akisema. Nilimtania, maana matairi na betri alikwisha kuvibadilisha mara kadhaa bila kuona kuwa amelipoteza gari. Hata hivyo hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani ni ushahidi wa jinsi watu wa wakati ule walivyofikiri, pamoja na makosa yao.

Jumamosi moja tulikuwa tukishuka mtelemko kuelekea makutano. Mpira wa breki ya mbele ukapasuka, pedali ikazama hadi sakafuni. Mbele yetu mama mmoja alikuwa akivuka na kigari cha mtoto. Shemeji akaingiza gia ndogo, akakanyaga breki ya kuegeshea, akapanda ukingo wa barabara. Hakuna aliyeumia. Yule mama hata hakugeuka.

Huko kutogeuka ndiko kulikoninyima usingizi. Sisi wawili tulizijua breki zile, tukakubali kupanda. Yeye hakuulizwa. Sheria hatukuivunja: amri ya Marekani ya breki za njia mbili, iliyoanza mwaka 1968, ilihusu magari mapya tu. Gari likikaa makumbusho, na libaki na kila kasoro yake. Likitoka barabarani, uhalisi wake unalipiwa na wapita njia.

Majira ya baridi yale tulifunga pampu ya njia mbili, diski za mbele, na vali ya kugawa msukumo ili magurudumu ya nyuma yasifunge kabla ya ya mbele. Tukaweka pia bushi na shokamzoba mpya, na fimbo nene zaidi ya kulizuia gari lisilale kwenye kona. Vifaa vya zamani shemeji alivipaka mafuta, akavitia sandukuni kwa ajili ya atakayelirithi.

Siku ya kulijaribu, alikwenda kasi kuliko nilivyopata kumwona. Nami, niliyekuwa nimemhubiria kipindi chote kile, nilinyamaza, nikifurahia jinsi lilivyoikata kona.