Sadaka ni Amana: Jicho la Mtoto wa Mbali

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, nakuusieni nanyi na kuiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Katika madhehebu yetu ya Kiibadhi imani ni kauli na vitendo. Basi na sadaka haitimii mkono unapoachia fedha, bali inapomfikia mhitaji ikamfaa.

Enyi jamaa mlioko Fairfield, magharibi ya Sydney, na kila mlipo ugenini! Mji wenu huo zaidi ya nusu ya wakazi wake wamezaliwa nchi nyingine, na wengi wametoka Vietnam na Iraq. Kila mmoja ana watu wake ng'ambo wanaoutazamia mkono wake. Tulitazame basi jambo lililotendeka katika mji huohuo wa Sydney.

Mwaka 1992 iliundwa huko jumuiya ya kutibu macho kwa jina la daktari Fred Hollows. Daktari huyu aliona katika Eritrea na Nepal watu wakibaki vipofu kwa mtoto wa jicho, maradhi yenye tiba, kwa kuwa lenzi moja ya kuwekwa ndani ya jicho iligharimu zaidi ya dola 100. Wangeweza kununua lenzi na kuzipeleka daima dawamu. Badala yake vikajengwa viwanda Asmara na Kathmandu, vikafunguliwa yeye akiwa ameshafariki. Na bei ikashuka chini ya dola 10. Mwaka 1992, hali anaugua saratani, alikwenda Vietnam kuanzisha mafunzo ya madaktari wa hukohuko. Hakuwa wa dini yetu, lakini haki husemwa kwa yeyote.

Na kwa mtoto mdogo jambo ni zito zaidi. Ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo. Akicheleweshwa, jicho husafishwa lakini lisione vyema. Na baada ya kupasuliwa huhitaji miwani na kuangaliwa kwa miaka. Anayelipia kisu tu na kuacha yaliyobaki amejenga nyumba bila ya paa.

Tena tuikumbuke Oman. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha kuwa nchi ya kwanza kuutokomeza ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, usiwe tena tatizo la afya ya umma. Ugonjwa huu hauondoki kwa dawa peke yake. Huondoka kwa maji, usafi na nyuso za watoto zilizooshwa.

Wapo wasemao: "Sitoi kwa jumuiya inayomlipa karani mshahara." Ndugu yangu, soma Sura ya at-Tawba, aya ya 60: wanaoitumikia zaka wamewekewa fungu lao humo. Karani anayeandika kwa uaminifu ni mlinzi wa amana. Lakini mshahara ukigeuka fahari, huo ni israfu. Basi uliza: fedha ngapi zimeingia? Watoto wangapi wametibiwa? Na baada ya mwaka, wangapi wanaona? Kuuliza hivyo si dhana mbaya. Ni kuhifadhi amana. Kilichoharamishwa ni kumsimbulia aliyepewa na kumuudhi, kwani huibatilisha sadaka, kama tulivyofunzwa katika Sura ya al-Baqara, aya ya 264.

Zaka ya faradhi ina wenyewe wanane, na katika kuitoa muulizeni mwanachuoni. Maneno yetu haya ni juu ya sadaka ya hiari. Imepokewa kwa Imam Jabir bin Zaid kuwa dirhamu moja kwa yatima au maskini ilikuwa kwake bora kuliko hija baada ya ile ya faradhi. Basi anayefunga mizigo kwa hija ya tatu na aiulize nafsi yake: yuko mtoto gani anayengoja gizani, na miaka yake ya kujifunza kuona inapita?

Ewe Mola wetu, zitakabali sadaka zetu, zisafishe na ria, na utujaalie kuwa waaminifu wa ulivyotukabidhi. Amin.

Wabillahi taufiq.