Pazia Chini ya Jicho

Sisi tunaoishi juu ya uwanda wa Ufipa tuko mbali na bahari. Taa tunazozijua majini ni karabai za wavuvi wa Kasanga, wanaovuta dagaa wa Ziwa Tanganyika usiku wa giza. Lakini baharini wako samaki waliozaliwa kubeba taa, na mmoja wao ametufundisha kujiuliza swali zito.

Samaki huyo anaishi katika Bahari ya Shamu, pwani ya Omani na visiwa vya Komoro. Wataalamu wawili wa Japani, Abe na Haneda, walimpa jina la kisayansi mwaka 1973: Photoblepharon steinitzi. Ni mdogo, urefu wake kama sentimita 11. Mchana hujificha katika mapango ya miamba, na usiku usio na mwezi hutoka. Chini ya kila jicho ana mfuko unaong'aa.

Mwanga huo si wake. Unatoka kwa bakteria wengi mno wanaoishi ndani ya mfuko. Damu ya samaki huwapa chakula na oksijeni, nao huwaka usiku na mchana. Samaki hana uwezo wa kuwazima. Alicho nacho ni pazia jeusi la ngozi, ambalo hulipandisha kuufunika mwanga na kulishusha kuufunua.

Nasi ndivyo tulivyo. Imani tumepokea, ukweli tumepokea, na Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba aliyepokea hana la kujivunia. Lakini kupokea hakutuondolei wajibu. Taa ni ya Mungu. Pazia limewekwa mikononi mwetu, na hesabu tutakayotoa ni ya pazia.

Je, kila anayelifunga anatenda dhambi? Tumefundishwa kwamba taa haiwekwi chini ya pishi. Hata hivyo, samaki huyu akifukuzwa huogelea akiwa anawaka, kisha hufunga pazia ghafla na kugeukia upande mwingine, na adui hubaki akimtafuta pale mwanga ulipokuwa. Hatumlaumu, kwa kuwa anaokoa uhai wake. Sisi tuliopewa dhamiri tunapaswa kuuliza zaidi: giza hili tunaloliweka linamlinda nani?

Hapa kwetu Rukwa swali hilo si la vitabuni. Bibi mzee, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, huanza kunong'onwa kuwa ni mchawi. Wapo kati yetu wanaojua kuwa ni uongo. Wamekula kwake, wamesali pamoja naye. Tukifunga pazia saa hiyo, tunapona sisi, naye anabaki peke yake mbele ya wenye mapanga. Lakini jirani akimficha bibi huyo chumbani, na wanaomtafuta wakapiga hodi, kunyamaza kwake ni tendo la upendo. Pazia ni lile lile. Tofauti ni yule anayelindwa.

Hatusemi kwamba ni rahisi. Anayemtetea mzee leo anaweza kunong'onwa yeye kesho, na hofu hiyo ina sababu. Kwa hiyo tusimwache mtu mmoja abebe mzigo huu. Jina la mzee likitajwa vibaya kisimani, kilabuni au kwenye msiba, aliyepo na aseme papo hapo anachokijua. Wa pili amuunge mkono. Jumuiya ndogondogo imtembelee bibi mchana, watu wote wakiona, na viongozi wake wafike kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla usiku haujaingia.