Mkono Mtupu

Zakayo alishuka kutoka kwenye mkuyu kabla hajalipa hata senti moja. Tukisoma habari zake katika Injili ya Luka, sura ya 19, aghalabu tunakimbilia mwisho wake: nusu ya mali kwa maskini, na kwa kila aliyedhulumiwa, mara nne. Tunasema huyu alitubu kwelikweli, ndiyo maana akapokelewa. Luka hakupanga mambo hivyo. Yesu alimwita kwa jina akiwa bado juu ya mti, mkuu wa watoza ushuru, mtu ambaye mji mzima ulimchukia, akamwambia kwamba siku hiyo atashinda kwake. Watu wakanung'unika. Ahadi ya kulipa ilitoka kinywani mwake baada ya kukubaliwa. Kwanza alipendwa, kisha akakumbuka madeni yake.

Naomba tuutafakari mpangilio huo, kwa sababu ukiugeuza, Ukristo wote unageuka kuwa kitu kingine.

Sisi ni watu wa nipe nikupe, wala si jambo la aibu. Msiba ukitokea, daftari la rambirambi linafunguliwa na kila jina linaandikwa pamoja na kiasi chake. Harusi ni vivyo hivyo. Daftari hilo limewazika wengi kwa heshima na kuwaoza watoto wa maskini. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na katika mambo ya ujirani walisema kweli. Hatari inaanza pale tunapomfungulia Mungu daftari la namna hiyo: nimefunga, nimekesha, nimetoa fungu la kumi, sasa ni zamu yake. Siku mtoto akiugua na dua zisijibiwe, mama anakaa kando ya kitanda akipekua maisha yake, akitafuta ni sadaka gani aliyopunja. Swali hilo linamtesa kuliko ugonjwa wenyewe, na mara nyingi limetoka mimbarini.

Lugha yetu ina dawa yake. Kabla ya kuwa neno la kanisani, neema ni neno la shambani. Mwaka wa neema ni mwaka ambao mvua imenyesha kwa wakati wake, ghala limejaa, ng'ombe wana maziwa. Hakuna mkulima anayesema mvua ile ni mshahara wake. Ilinyesha kwake na kwa jirani yake mvivu pia. Lakini hakuna pia mkulima mwenye akili anayesema kwamba, kwa kuwa mvua ni ya bure, hatashika jembe. Mvua ndiyo inayomtoa nyumbani alfajiri. Ardhi iliyokuwa ngumu kama jiwe sasa inalimika, na kazi ambayo jana ingekuwa kujisumbua bure leo ina maana.

Jambo hilo lilipata kuonekana wazi katika nchi zetu hizi. Huko Gahini, mashariki mwa Rwanda, kando ya Ziwa Muhazi, palikuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana. Daktari wake Mwingereza, Joe Church, alikuwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kuu iliyoikumba nchi. Mwaka 1929 alikwenda Kampala, na huko Namirembe akakutana na Simeon Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu ya Mungu kama yeye. Wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Katika miaka iliyofuata, moto wa uamsho uliowaka Gahini ulivuka mipaka na kuingia Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya. Waganda waliwaita watu walioguswa na uamsho huo balokole, yaani waliookoka, na kutoka hapo Kiswahili kikapata neno mlokole.

Mlokole alijulikana kwa ushuhuda wake, lakini majirani walimwamini kwa sababu nyingine: alirudisha vitu. Watu walibisha hodi kwa waajiri wao wakiwa wamebeba shuka, vyombo na fedha walizoiba miaka mingi nyuma, vitu ambavyo pengine mwenyewe alikwisha kuvisahau. Wamisionari nao walisimama mbele ya Waafrika wakaungama kiburi chao, na wakati ule wa ukoloni hilo halikuwa jambo dogo. Waliita hali hiyo kutembea nuruni.

Hapa ndipo penye fumbo. Mtu aliyeambiwa kwamba deni lake limefutwa, mbona ndiye anayekimbia kulipa? Nadhani jibu ni hili. Mwizi anayeogopa hawezi kurudisha shuka, kwa maana kuirudisha ni kujitangaza mwizi, na jina lake ndilo ngao pekee aliyo nayo. Anayejua kwamba anapendwa na Yule anayeijua shuka ile hana tena cha kuficha. Upendo uliomfikia akiwa mkono mtupu umemwondolea haja ya kujitetea. Anaweza kusema ukweli na bado akaishi.

Upendo wa namna hiyo hauishii kwenye shuka. Miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, ndugu wengi wa uamsho walikataa kula kiapo, na walikataa pia kushika bunduki za serikali ya kikoloni. Walionekana wasaliti kwa pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Mwezi Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyepata kuwa mwalimu Dodoma, alitoroka usiku na mkewe, wakapanda milima kwa miguu hadi Rwanda. Mwaka huohuo alitoa kitabu alichokipa jina linalotangaza kwamba anampenda Idi Amin. Hakusema kwamba Amin hana hatia. Aliyataja mauaji waziwazi. Alikiri kwamba chuki ilikuwa imeanza kumla yeye mwenyewe, na kwamba asingeweza kuomba msalaba umsamehe yeye huku akimzuilia Amin asiufikie.

Ningependa kuishia hapo, lakini ukweli hauniruhusu. Mwaka 1994, katika Rwanda ileile iliyowasha moto wa uamsho, Watutsi walichinjwa hata ndani ya makanisa walimokimbilia, Nyamata na Ntarama yakiwa miongoni mwao, na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa. Jambo hili linapaswa kumnyamazisha yeyote anayezungumzia neema kwa wepesi. Neema hairithiwi kama shamba la baba. Mvua ya mwaka jana haikuzi mahindi ya mwaka huu. Kizazi kinaweza kurithi nyimbo, mikutano na jina la ulokole, kisha kikaufunga moyo kwa jirani wa kabila lingine. Na katika nchi hiyohiyo, baadaye, wapo wajane walioketi na waliowaulia waume, wakasikia maungamo yao, wakawasamehe. Sitaupamba msamaha huo kwa maneno. Nasema tu kwamba hakuna daftari linaloweza kuueleza.

Basi upendo wa Mungu unaonekana wapi katika maisha ya Mkristo? Usiutafute kwanza katika gari jipya wala katika ripoti ya daktari, ingawa kwa hivyo pia tushukuru. Uutafute pale mtu anapoacha kujihesabia haki na kuwahesabia wengine makosa: mume anapomwambia mkewe nimekosa bila kuongeza lakini, ndugu wawili wanapomaliza kesi ya kiwanja kwa mmoja kukubali kupunjika, karani anapoirudisha fedha ambayo hakuna mkaguzi angeigundua.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna kitu cha mtu, au moyoni mwako kuna jina usilotaka kulitamka, usingoje kwanza uwe mwema ndipo umwendee Mungu. Mwendee na mkono wako mtupu. Kisha wiki hii hii kirudishe kitu hicho, litamke jina hilo katika sala. Fanya kama Zakayo, mgeni wake akiwa tayari ameketi nyumbani.