Deni la Mpita Njia

Je, mtu apitaye katika kijiji mara moja tu, asiye na jamaa humo wala haja ya kurudi, anadaiwa kitu chochote na watu wa kijiji kile? Swali hili laonekana dogo. Mpita njia hakuvunja mlango, hakuchuma tunda, hakumtukana mtu, alipita tu. Wengi watasema kuwa hadaiwi. Nataka kukuonyesha, msomaji, kuwa anadaiwa, na kwamba chombo kifaacho zaidi kwa kulipima deni lake ni baiskeli.

Nasema baiskeli kwa sababu. Mwenda kwa miguu hana njia ya kuwaepuka watu. Akichoka huketi katika kivuli cha mtu, akiona kiu huomba maji, na kabla ya jua kutua amekwisha kuulizwa jina lake na la baba yake. Abiria wa motokaa naye hakutani na mtu. Kioo kimo baina yao, na kijiji kizima humpita kwa dakika moja pamoja na vumbi lake. Mpanda baiskeli yu baina ya hao wawili. Huenda polepole kiasi cha kuuona uso wa mtu na kuyasikia maamkizi yake, na upesi kiasi cha kujifanya kuwa hakusikia. Hiari hiyo ndiyo iletayo swali la wema na ubaya, maana pasipo hiari hapana sifa wala lawama.

Tena baiskeli si kitu cha anasa tu katika nchi yetu. Baiskeli yenye mnyororo na magurudumu mawili yanayokaribia kulingana ilianza kupata soko kubwa Uingereza baada ya mwaka 1885, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop akatengeneza tairi la kujazwa upepo lililoifaa. Ilipofika kwetu haikukaa bure. Ile nyeusi nzito, ambayo watu waliipa jina la nyoka, Black Mamba, imebeba maziwa, miwa, magunia ya mahindi, na wagonjwa wa kupelekwa hospitali. Huko Busia, mpakani na Uganda, ilibeba abiria, na kutokana na neno la Kiingereza la mpaka likazaliwa jina la boda boda, ambalo leo limehamia katika pikipiki. Basi aendeshaye baiskeli kwa kujifurahisha aelewe kuwa yu njia moja na watu waliokanyaga pedali, na wanaokanyaga bado, kwa ajili ya chakula.

Chukua, kwa mfano, njia ya kusini mwa Ghuba ya Winam. Ukitoka Kisumu wafika Ahero, penye mashamba ya mpunga katika uwanda wa Kano. Kisha waiacha barabara kuu ya Nairobi, wapitia Katito na Kendu Bay mpaka Homa Bay, kama kilomita 100 kwa jumla. Na ukiwa na nguvu bado, kilomita 40 hivi zaidi zitakufikisha Mbita, ukielekeana na kisiwa cha Rusinga. Kenya ina sehemu ndogo tu ya Ziwa Victoria, asilimia 6 hivi, lakini mtu aliye juu ya tandiko la baiskeli asubuhi haoni udogo wowote. Mara maji yaonekana, mara yafichwa na vilima vya Homa, mara yatokea tena mahali usipoyatazamia. Mnyororo walia taratibu kama cherehani, na upepo wa ziwa wakujia usoni wenye harufu ya samaki. Sijui starehe nyingine yenye bei ndogo kuliko hiyo, wala simlaumu mtu aipendaye. Lakini starehe hiyo imetengenezwa na nani?

Vijia vya kando ya ziwa havikuchorwa na mhandisi. Vimekanyagwa na wanawake waendao kuteka maji, na wachuuzi wa samaki, na watoto waendao shule. Atelezaye juu yake kwa magurudumu anatumia kazi ya nyayo asizozijua. Katika fuko nyingi wanawake huanika omena juu ya nyavu zilizotandazwa chini, mara nyingine karibu kabisa na njia. Usiku wavuvi walikuwa majini na taa za kuwavutia hao omena. Asubuhi wanawake wamewanunua, pengine kwa fedha za kukopa. Wakikauka vema watakuwa ada ya shule. Wakinyeshewa au wakikanyagwa watakuwa hasara. Gurudumu lipitapo pembeni mwa wavu ni jambo dogo kwa mwenye gurudumu. Kwa mwenye omena si dogo.

Atasema mtu kuwa hayo ni mambo ya sheria, na kwamba asiyeharibu mali ya mwenzake amekwisha kulipa. Mimi nakataa. Sheria yamzuia mtu asitende ubaya, lakini haiwezi kumfundisha namna ya kuwa mbele ya watu. Mzee aketiye mlangoni pake asubuhi, akamwona mgeni akija na asisikie neno, hakuibiwa chochote. Hata hivyo amepunguziwa kitu. Amefanywa kuwa sehemu ya mandhari, pamoja na mbuzi na mti. Mgeni atamkaye “oyawore” kwa lugha ya mahali hapo hatoi senti moja, lakini amekiri kuwa yule ni mtu na kwamba yeye yuko kwake.

Karibu na Kendu Bay liko ziwa dogo la magadi liitwalo Simbi Nyaima, ambalo flamingo hulitembelea. Wataalamu wa miamba husema kuwa ni shimo la volkeno. Wazee husimulia vingine. Husema kuwa palikuwa na kijiji mahali hapo, na usiku mmoja watu wakiwa katika karamu alifika bibi kizee mgeni, akaomba kupokewa, nao wakamfukuza. Mvua kubwa ikanyesha, kijiji kikazama pamoja na watu wake. Itazame vema hadithi hii. Yamhukumu mwenyeji, si mgeni. Watu wa nchi hiyo wamejitwika wenyewe wajibu mzito, wakawafundisha watoto wao kuwa kijiji kizima chaweza kupotea kwa ajili ya mgeni mmoja aliyekataliwa. Ni haki gani, basi, mgeni wa watu hao asiwe na wajibu wowote? Methali ituambiayo mgeni aje mwenyeji apone haikusema kuwa mgeni aje apige picha aondoke.

Wako wadhanio kuwa deni hulipwa kwa peremende. Huwatupia watoto wa njiani, wakacheka kuwaona wakigombania, kisha wakaenda zao na moyo mweupe. Hayo si malipo. Ni kununua furaha ya dakika moja kwa heshima ya mtoto. Afadhali mara kumi yule ambaye tairi lake likitoboka humwendea fundi aliye chini ya mti, akampa ujira wake kamili bila kumpunja, akanunua na ndizi kwa mama wa jirani.

Lakini deni gumu kuliko yote ni la macho. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda hata yakafunika mashamba na nyumba nyingi za ufukoni. Nyumba iliyosimama ndani ya maji, kuta zake zikionekana chini juu, ni kitu cha kupendeza machoni pa apitaye. Hapakosekani mtu wa kusimama hapo na kusifu. Ilikuwa nyumba ya mtu. Hata ule ukimya tuusifuo vijijini una sababu zake, na si zote za furaha: vijana wamekwenda mjini kutafuta kazi, duka limefungwa, gari la abiria halifiki ila siku ya soko. Simwambii mtu afumbe macho asione uzuri. Namwambia aulize uzuri huo umemgharimu nani.

Hapo ndipo lizukapo jambo ambalo wapenda baiskeli hawapendi kulisikia. Mpanda baiskeli wa kujifurahisha, akipata njia ya udongo iliyo tulivu, huomba moyoni isiwekwe lami kamwe, maana lami italeta malori, na malori yatamfukuza. Ombi hili ni la kibinadamu, nami nalielewa. Ila si lake kuomba. Yeye ataka njia ile kwa asubuhi moja. Mama mwenye uchungu wa kuzaa aitaka usiku, mvua ikinyesha, na hospitali iko mbali. Kumtakia mwenzako shida idumu ili wewe upate utulivu ni ukatili, hata kama hapana neno la ukali lililosemwa.

Wala usidhani kuwa mwenyeji hutaka ujenzi wowote ule uletwao. Katika miaka ya 1980 mkono mwembamba wa ziwa baina ya Mbita na Rusinga ulijazwa mawe na udongo, ili watu wavuke bila mashua. Watu wakavuka. Lakini maji yakazuiwa kupita, yakatuama, na malalamiko ya wakazi na wavuvi yakaendelea kwa miaka mingi, hata katika miaka ya 2010 pakajengwa daraja na maji yakapata nafasi tena. Wenyeji hawakutaka barabara iondolewe ili pawe kimya kama zamani, wala hawakukubali kuwa barabara yatosha kufidia ziwa. Walitaka vyote viwili, njia na maji, kwa kuwa walivihitaji vyote viwili kila siku. Mgeni wa asubuhi moja asingeweza kuwakatia shauri hilo.

Leo afikaye daraja lile kwa baiskeli aweza kusimama katikati yake, akaweka mguu chini, akapumzika, akayatazama maji yapitayo chini yake. Kama ataka kujua njia hii ingefaa iweje, wako wavuvi na wauza samaki hapo karibu wa kuulizwa. Atoe maamkizi kwanza, nao watamjibu.