Kapteni wa Mitumba

Wilhelm Voigt alikuwa fundi viatu wa Kijerumani, na karibu miaka 30 ya maisha yake iliishia gerezani kwa wizi na kughushi. Alipotoka mara ya mwisho alitafuta kazi ya halali. Polisi wakamwona mkosi: mji mmoja wakamfukuza, akahamia Berlin, nako wakamwamuru aondoke.

Basi akaingia kwenye maduka ya mitumba. Hapa koti, pale kofia, kwingine upanga, mpaka sare ya kapteni wa jeshi ikatimia.

Tarehe 16 Oktoba 1906 akaivaa. Akawasimamisha askari barabarani, akawaongeza wengine, wakafika kumi. Hakuna aliyemuuliza ametoka kikosi gani. Akawapandisha treni hadi Köpenick, wakati huo mji mdogo pembeni mwa Berlin, wakaingia ofisi za mji wakiwa na bunduki. Kwa amri ya Kaisari, alisema, meya yuko chini ya ulinzi. Akawaambia polisi wa mji watulize watu nje, nao wakatuliza. Mtunza hazina akahesabu fedha, zaidi ya mark 3,500, akamkabidhi. Voigt akatia saini stakabadhi kwa jina lisilo lake, akaagiza meya apelekwe Berlin, kisha akabadili nguo na kuyeyuka.

Siku kumi baadaye alikamatwa. Alihukumiwa miaka minne, lakini mwaka 1908 Kaisari akamsamehe. Nchi nzima ilikuwa imeshacheka.

Kasoro zilikuwepo wazi. Alikuwa na miaka 57, na mvi zake zilikizidi cheo. Lakini nani angethubutu kumkodolea macho kapteni? Sare iliwaziba midomo kabla haijawaziba macho.

Na kosa lilikuwa la pande mbili. Alipokuja na nguo zake chakavu akitaka kufanya kazi, wakubwa hawakuona mtu. Alipokuja na vifungo vya kung'aa, hawakuona mwizi. Mzee ni yuleyule. Kilichobadilika ni koti.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini mkakasi una kifuniko, na kukifunua hakuhitaji nguvu, kunahitaji mtu asiyeona haya kuuliza. Kule Köpenick swali moja tu lingetosha: umetoka kikosi gani?

Kesho akibisha hodi mtu mwenye kizibao na kitambulisho shingoni, akisema ametumwa kukukatia umeme usipomlipa hapo hapo mkononi, usimtukane. Mpe kiti, mpe na maji ya kunywa, kisha piga simu ofisini kwao kwa namba unayoijua wewe, si ile atakayokutajia. Aliyetumwa kweli atasubiri. Wa mitumba atakumbuka ghafla kwamba ana haraka.