Majina Juu ya Jiwe

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Yoshua 4:1–9, 2 Samweli 18:18, 2 Samweli 23:8–39, Mhubiri 9:5, 6, Yohana 11:11–14, 1 Wathesalonike 4:13–18, 2 Samweli 9.

Fungu la Kukariri: Yohana 15:13. Lisome katika Biblia yako, kisha ulikariri pamoja na darasa lako.

Kila tarehe 25 Julai Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, mashada ya maua hufuata, na viongozi wa dini husimama kuomba. Siku hiyo nyumba nyingi za Mara huwa na ukimya wake. Mkoa huu umelipatia jeshi vijana wengi, na wako wasiorudi.

Mtu wa Turwa anayetaka kuona mahali walipolazwa waliokufa katika Vita vya Kagera ana safari ndefu. Huvuka Mto Mara pale Kirumi, hupita Bunda na Mwanza, huvuka ziwa kati ya Kigongo na Busisi, hupita Geita, na kuendelea hadi Wilaya ya Muleba. Huko, Kaboya, yapo makaburi ya mashujaa na mnara wenye majina yao.

Akifika hapo, Mkristo anayeishika Sabato na kuungoja ujio wa Bwana afanye nini? Asimame wapi, aseme nini, na akirudi nyumbani abadilike vipi? Juma hili Biblia inajibu maswali hayo.

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Mawe Yanayoulizwa

Soma Yoshua 4:1–9, kisha 2 Samweli 18:18. Nguzo hizi mbili za ukumbusho zinatofautianaje?

Israeli walipovuka Yordani, Mungu aliagiza watu kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, wachukue mawe katikati ya mto. Hayakuwa mawe ya thamani wala hayakuchongwa. Kazi yake ilikuwa kumfanya mtoto aulize. Mtoto akiuliza, mzazi alipaswa kuwa na jibu, na jibu hilo lilihusu tendo la Mungu.

Absalomu naye alisimamisha nguzo katika Bonde la Mfalme akiwa bado hai. Sababu yake iliandikwa wazi: hakuwa na mwana wa kulikumbusha jina lake. Nguzo ile ilimhusu yeye na jina lake tu. Absalomu mwenyewe alitupwa katika shimo msituni, akafunikwa kwa rundo la mawe ambalo hakulichagua.

Tanzania ina kumbukumbu nyingi za waliokufa kazini. Naliendele, Mtwara, wamelala waliokufa katika harakati za ukombozi wa Msumbiji. Ukingoni mwa Bonde la Ngorongoro yupo Michael Grzimek, aliyekufa kwa ajali ya ndege Januari 1959 akiwa katika kazi ya kuhesabu wanyama wa Serengeti. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyejijengea kaburi lake. Wengine waliwajengea, kwa sababu walipokea kitu kutoka kwao.

Ukumbusho mwema basi hutambulika kwa maswali mawili: Je, unamfanya mtoto aulize? Na je, mzazi ana jibu linalomfikisha kwa Mungu?

Nyumbani kwako kuna “jiwe” gani, yaani picha, barua au kitu cha marehemu, ambacho watoto hukiuliza? Huwa unawajibu nini?

JUMATATU
Maji Yaliyomwagwa

Soma 2 Samweli 23:13–17. Kwa nini Daudi alikataa kuyanywa maji aliyoyatamani?

Daudi alikuwa katika pango la Adulamu, na Wafilisti walikuwa wamepiga kambi Bethlehemu, kijiji alikozaliwa. Alitamani maji ya kisima cha kwao. Mashujaa watatu wakasikia, wakapenya katikati ya adui, wakayateka na kumletea. Daudi hakuyanywa. Aliyaona kuwa ni damu ya watu waliozihatarisha nafsi zao, akayamimina mbele za Bwana.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo makaburi ya mashujaa humfundisha mgeni: kuna maji ambayo mtu hana haki ya kuyanywa bila kufikiri. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaitwaa ardhi ya kaskazini ya Mto Kagera, yakaua raia na kupora mifugo. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Tanzania ililazimika kukusanya askari wa jeshi, polisi, vijana wa JKT na mgambo. Wengi wao miezi michache kabla walikuwa wakilima au kuchunga. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na mapema mwezi Juni mapigano yakaisha.

Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliyeiongoza Divisheni ya 20 katika vita hivyo, aliishi hadi Oktoba 2024 akiwa amepita umri wa miaka 100. Vijana wanaolala Kaboya hawakupewa miaka hiyo. Hawakuona watoto wao wakioa, na wengine hawakupata mtoto kabisa. Leo watu wa Missenyi wanalima ng'ambo ya mto, na mikutano ya makambi hufanyika kwa amani, kwa gharama ambayo haikulipwa na wanaoifaidi.

Daudi alimrudishia Mungu yale maji. Amani nayo ni ya kurudishwa kwa Mungu namna hiyo: kwa shukrani, na kwa kuitumia vema.

JUMANNE
Uria Naye Yumo

Soma 2 Samweli 23:39. Jina la mwisho katika orodha ya mashujaa wa Daudi ni la nani? Lilinganishe na 2 Samweli 11:14–17.

Orodha hiyo ingeweza kufungwa kwa jina lingine. Roho Mtakatifu aliruhusu ifungwe kwa jina la Uria Mhiti, askari mwaminifu ambaye mfalme wake mwenyewe aliagiza awekwe mbele palipo na vita vikali, kisha aachwe peke yake apigwe na kufa. Kila aliyesoma orodha ya fahari ya Daudi alikutana na dhambi ya Daudi mwishoni mwake.

Biblia inawaheshimu mashujaa bila kusema uongo. Haisemi kila vita ilikuwa takatifu, wala haisemi kila aliyekufa alikufa kwa sababu njema. Daudi mwenyewe aliambiwa kwamba hataijenga nyumba ya Bwana kwa kuwa alimwaga damu nyingi (1 Mambo ya Nyakati 22:8).

Kwa sababu hiyo, Kanisa la Waadventista Wasabato tangu siku zake za mwanzo limewashauri washiriki wake kuokoa maisha badala ya kuyaondoa, hata wanapovaa sare, huku likiiachia dhamiri ya kila mmoja uamuzi wa mwisho. Desmond Doss, Mwadventista wa Marekani, alikwenda vitani Okinawa mwaka 1945 bila bunduki, akiwa mhudumu wa tiba, akawateremsha majeruhi wengi kutoka juu ya jabali kwa kamba.

Hili linagusa Tarime kwa namna yake. Wazee wanakumbuka mapigano ya koo, na wanakumbuka vijana waliosifiwa kuwa mashujaa kwa sababu walirudi na ng'ombe wa watu. Nao walikufa, nao waliliwa. Lakini kijana anayeikinga nchi dhidi ya mvamizi na kijana anayekwenda usiku kuchoma nyumba za ukoo wa jirani hawawezi kuwekwa juu ya jiwe moja. Mwalimu wa darasa asiogope kulisema hilo mbele ya vijana. Na upande wa pili wa mpaka, yaani Uganda, wapo pia akina mama waliozika, au waliokosa hata wa kumzika. Anayesimama Kaboya kwa moyo wa Kristo hawezi kuondoka na chuki dhidi ya jirani.

JUMATANO
Mahali pa Kulala

Soma Mhubiri 9:5, 6, Yohana 11:11–14, 1 Wathesalonike 4:13–18. Mafungu haya yanasema wafu wako katika hali gani, na tumaini lao liko wapi?

Mbele ya kaburi ulimi hupata jaribu. Mama aliyengoja miaka mingi kumwona mwanawe, akifika na kuliona jina lake limechongwa, atataka kusema naye. Katika desturi nyingi za watu wa Mara, marehemu husemeshwa, huelezwa habari za nyumbani, huombwa asikasirike, na pengine humwagiwa pombe au damu ya mnyama. Aliyekufa mbali na kuzikwa mbali huogopwa zaidi, kwa kudhaniwa kwamba roho yake inatangatanga.

Neno la Mungu linamwondolea mama huyo mzigo mzito. Mwanawe hatangitangi. Hana njaa, hana hasira, wala hamdai mtu mbuzi. Amelala. Yesu alipokisema kifo cha Lazaro alitumia neno hilo hilo, na alipomwita, Lazaro alitoka kaburini. Hakuitwa ashuke kutoka mbinguni. Kwa Bwana, umbali kati ya Kaboya na Turwa si kitu. Sauti itakayowaamsha waliolala katika makaburi ya Tarime ndiyo itakayofika Muleba, na hata pale ambapo hakuna jiwe wala jina.

Je, basi Mwadventista asihudhurie kumbukumbu ya mashujaa? Anaweza kuhudhuria. Kusimama kimya, kuweka ua na kusoma jina kwa heshima si ibada kwa wafu. Asichoweza kukifanya ni kusema nao, kuwaombea wabadilishiwe hali, au kushiriki tambiko (Kumbukumbu la Torati 18:10–12). Dua yake aielekeze kwa walio hai: wajane, yatima, na viongozi wenye mamlaka ya kuanzisha vita au kuizuia.

Na kuna jambo moja la kusemwa kwa upole. Kufa kwa ajili ya nchi ni tendo kubwa, lakini halimwokoi mtu. Wokovu ni kwa damu ya Mmoja, aliyekufa tulipokuwa bado adui zake (Warumi 5:6–10). Mioyo ya askari hawa katika saa ya mwisho anaijua Yeye. Hukumu ni yake, na mikono yake ni mahali salama pa kuwaacha.

ALHAMISI
Shamba la Mefiboshethi

Soma 2 Samweli 9. Daudi alimkumbuka Yonathani kwa njia gani?

Daudi alikuwa ametunga maombolezo ya Sauli na Yonathani, akaagiza wana wa Yuda wafundishwe (2 Samweli 1:17–27). Lakini hakuishia hapo. Miaka ilipopita aliuliza kama amebaki mtu wa nyumba ya Sauli amtendee mema kwa ajili ya Yonathani. Akapatikana Mefiboshethi, mlemavu wa miguu, aliyekuwa akiishi katika nyumba ya mtu mwingine huko Lo-debari. Daudi alimfanyia mambo mawili: alimrudishia mashamba yote ya babu yake, na alimketisha mezani pake.

Angalia la kwanza lilikuwa nini. Lilikuwa shamba.

Hapa ndipo ukumbusho wa mashujaa unapopimwa. Mtu akifa kazini, awe askari wa jeshi, polisi, askari wa hifadhi ya Serengeti, muuguzi au mwinjilisti, mazishi yake hujaa watu na hotuba. Baada ya mwaka mmoja mjane wake hukaa kiti cha nyuma kanisani, na hakuna anayejua kwamba shemeji zake wamesogeza mpaka wa shamba, kwamba ng'ombe wamegawanywa, au kwamba anatakiwa “arithiwe” ili aruhusiwe kubaki kwenye boma. Wapo hata wazee wa kanisa wanaoyajua hayo na kunyamaza, kwa kuwa wenye kulichukua shamba ni ndugu zao.

Yesu aliwakemea waliojenga makaburi ya manabii na kuyapamba, huku matendo yao yakiwa kama ya wale waliowaua (Mathayo 23:29–31). Kumpamba marehemu kwa maua na kumpokonya mjane wake shamba ni dhambi ya jamii hiyo. Jiwe halidai chakula. Mjane anahitaji kula leo.

Kabla darasa halijapanga safari ya Kaboya au ya mnara wowote, lipange kwanza safari fupi: kutoka kanisani hadi kwa mjane aliye jirani. Wamuulize hali ya shamba lake. Kama kuna dhuluma, wawili au watatu wafuatane naye hadi kwa mwenyekiti wa mtaa au baraza la ardhi la kata, asisimame peke yake.

Je, yuko mtu ambaye wewe mwenyewe, au ukoo wako, unapaswa kumrudishia kitu?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma tena mafungu ya juma hili kwa mfululizo, na uongeze Isaya 49:14–16. Sayuni walidhani wamesahauliwa. Mungu akawajibu kwamba amewachora katika viganja vyake. Rangi ya mnara hufifia kwa mvua na jua, na kizazi kinachowakumbuka waliolala hapo nacho hupita. Mikono iliyotobolewa Kalvari haifutiki. Asubuhi ya ufufuo hakuna atakayehitaji kusomewa jina lake juu ya jiwe, kwa maana ataitwa kwa jina hilo na Bwana mwenyewe.

Maswali ya Kujadili:

1. Familia moja ya kanisa lenu imealikwa kwenye kumbukumbu ya ndugu yao aliyekufa akiwa jeshini. Wazee wa ukoo wanataka tambiko lifanywe. Darasa liwashauri nini, ili wasiivunje imani wala wasiwadharau wazee wao?

2. Kwa nini, kwa maoni yenu, jina la Uria lilibaki katika orodha? Ni majina gani ambayo jamii yenu hupenda kuyasahau?

3. Kijana anayejiandaa kuingia jeshini au polisi anauliza kuhusu Sabato na kuhusu kuua. Kanisa limsaidieje kabla hajaondoka, na siyo baada ya matatizo kutokea?

4. Wajane wangapi wa waliokufa kazini wako ndani ya kanisa lenu? Kama darasa halina jibu, nani atalitafuta kabla ya Sabato ijayo?