Agizo Lisilo na Mwenyewe

Agizo la mtu aliyekwisha kuondoka lina nguvu gani juu ya waliobaki? Wosia una mashahidi wake, na ukigombaniwa iko mahakama. Lakini yako maagizo madogo madogo ya kila siku, yasiyo na shahidi wala wakili, ambayo siku hizi tunayatia ndani ya kompyuta kisha tunakwenda zetu kulala. Hayo ndiyo ninayotaka kuyazungumza, ndugu msomaji.

Katika kompyuta zinazotumia Windows mna karani asiyeonekana. Ukimwambia kila siku saa nane za usiku anakili alama za wanafunzi na kuziweka mahali pa akiba, atafanya hivyo usiku baada ya usiku, mvua inyeshe, mtu awepo asiwepo, ilimradi umeme upo. Agizo lenyewe huandikwa mahali pawili. Kwanza ni katika faili la maandishi ndani ya folda iitwayo Tasks. Pili ni katika rejista ya kompyuta, ambamo pamoja na jina la kazi hutiwa hesabu maalumu iliyopigwa kutokana na yale maandishi. Hesabu hiyo ni kama muhuri juu ya bahasha. Karani hulinganisha viwili hivyo, na visipolingana hukataa kazi, akatoa taarifa kwamba imeharibika au imechezewa.

Wengi hukasirishwa na ukaidi huo. Mimi nauona kuwa ni uungwana. Mwaka 2010 kiligunduliwa kirusi cha kompyuta kilichopewa jina la Stuxnet, kilichokuwa kikiiwinda mitambo ya kurutubisha urani huko Natanz, nchini Iran. Miongoni mwa hila zake ilikuwamo hii ya kumwendea karani wetu. Wakati ule muhuri ulipigwa kwa hesabu iitwayo CRC32, ambayo ilibuniwa ili kugundua makosa ya bahati mbaya, si ujanja wa mwizi. Kirusi kilibadili maneno ya agizo, kisha kikachomeka herufi chache za ziada mpaka hesabu ikarudi kuwa ileile. Karani akatazama muhuri, akauona mzima, akatenda uovu kwa madaraka yote ya mwenye mashine. Desemba mwaka huohuo Microsoft walitoa marekebisho, wakaweka hesabu ngumu zaidi, SHA-256. Tangu nilipoyasoma hayo sijapata kumlaumu karani anayesema, "Karatasi hii siiamini, sitendi."

Lakini kukataa kwake kuna gharama, nayo ni kwamba hukataa kimyakimya. Mtumishi wa kibinadamu akigoma utasikia kelele. Huyu huacha tu, na taarifa yake hukaa mahali ambapo hapana mtu anayetazama.

Baada ya kustaafu ukuu wa shule nilikuwa nikienda kufundisha vipindi vichache katika chuo kimoja cha ualimu. Mwaka 2015, Windows 10 ilipotolewa bure kwa waliokuwa na Windows 7, kompyuta ya ofisi ilipandishwa daraja. Mashine ya kuchapia ikagoma, na kwa kuwa ulikuwapo muda wa mwezi mmoja wa kughairi, wakarudi walikotoka. Safari hiyo ya kwenda na kurudi imewaharibia wengi kazi zilizopangiwa saa, maana maandishi na muhuri hupishana njiani. Pale chuoni kazi kadhaa zilikufa, na miezi ikapita. Ziligunduliwa siku alama za mazoezi ya kufundisha zilipohitajika kutoka kwenye akiba, ikaonekana nakala ya mwisho ni ya kabla ya safari ile. Kwa bahati daftari za karatasi zilikuwapo.

Kijana wa mitambo aliyeitwa kutengeneza alikuwa hodari. Alinieleza kuwa agizo la namna hiyo haliungwi. Unaweka kwanza nakala ya rejista pembeni, unafuta jina la kazi na namba yake ndefu huko rejistani, unaondoa faili lake katika folda, kisha unaiandika kazi upya, mwanzo hadi mwisho. Mikono yake iliifanya kwa dakika chache. Alipofika kwenye kazi ya nne akasita, akaniuliza, "Mwalimu, hii ni ya nani?"

Faili la agizo, hata karani akilikataa, hufunguka na kusomeka kama barua. Humo huandikwa saa, amri, na jina la aliyeiandika. Jina lilikuwa la mhasibu wa zamani, marehemu. Amri yake ilikuwa kwamba kila Ijumaa jioni kompyuta ipitie orodha ya bwalo la chakula na kutoa majina ya wanachuo ambao hawakutia saini mlo wowote kwa siku tatu mfululizo. Hakuna kanuni ya chuo iliyomtaka afanye hivyo. Mtu asiyekula siku tatu ama ni mgonjwa, ama ameondoka, ama ameuza kadi yake ya chakula kwa sababu nyumbani hali ni mbaya; na marehemu, kwa jinsi nilivyomfahamu, alitaka kujua ni lipi.

"Tuifute tu," akasema kijana. "Imekufa miezi yote hii na hakuna aliyelalamika. Ingekuwa na maana wangesema."

Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, katika ofisi na hata katika ukoo, nayo kwa alama za mazoezi ni hoja nzuri: mwenye kuzihitaji alizikosa akasema. Lakini orodha ya bwalo ni jambo la namna nyingine kabisa. Nani angelalamika? Mwanachuo mwenye njaa hakujua kamwe kwamba jina lake lilikuwa likitazamwa kila Ijumaa. Alijua tu kuwa siku moja mhasibu alimwita, akamuuliza habari za nyumbani. Wajibu wa kuangalia watu una tabia hiyo, kwamba wanaohifadhiwa nao hawaujui, na kwa hiyo ukikoma hawawezi kuudai. Ukimya wao hauthibitishi chochote, ila kwamba haujasikika.

Hata hivyo sikukubaliana na wazo jingine, la kuiandika upya neno kwa neno chini ya jina la marehemu kwa heshima yake. Kazi hizi hutembea kwa idhini ya mtu fulani. Akifungiwa njia yake ya kuingilia au nywila ikibadilishwa, nazo husimama. Mashine hapo inasema kweli kuliko sisi. Muhuri, hata wa SHA-256, waweza kuthibitisha kwamba maneno ni yaleyale. Hauwezi kuthibitisha kwamba bado yupo mtu anayeyakusudia. Orodha inayochapwa kila Ijumaa pasipo mtu wa kuipokea ingekuwa utani juu ya kaburi la mtu mwema. Nilimwambia kijana, "Mwanangu, usifute wala usiandike. Twende tukamtafute atakayeitaka."

Mkuu wa chuo alisikiliza kwa adabu, akasema wizara haidai taarifa kama hiyo. Mhasibu mpya alikuwa na mengi. Matroni ndiye aliyenyamaza kidogo, kisha akauliza kama majina yangeweza kumfikia Alhamisi asubuhi badala ya Ijumaa jioni, kwa sababu Ijumaa wengi huenda mjini na yeye hana pa kuwapata. Kijana akaandika Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, na penye nafasi ya jina la mwandishi akaweka la matroni.